Pete ya Wifi

Kitendawili! Ana mkono mmoja, anakula mlima asivimbiwe, lakini mvue pete, atakufa njaa huku mlima umemzunguka.

Usiniambie bibi harusi. Bibi harusi ana mikono miwili, na mlima bado hajaula. Usiniambie tembo, nani aliwahi kumvisha tembo pete? Umeshindwa? Basi nipe mji. Mbeya sitaki, watu wake wana haraka. Nipe Njombe na baridi yake yote. Haya, nimekwenda Njombe, nimeota moto, nimekunywa chai, nimerudi. Jibu ni kijiko. Si cha uji, mjukuu wangu. Kile cha kuchimbia, chenye minyororo badala ya magurudumu, ambacho kikisimama kando ya kanisa letu pale Lihutu, msalaba wa juu ya paa unakifika kwapani.

Tulikuwa navyo viwili. Cha kwanza kilikuja na wageni wa mgodi, kikala kwetu, kikashiba kwetu, na kila ukikiuliza kitaondoka lini, kinaunguruma tu. Tukakiita Shemeji. Cha pili kilipopanda mlima kukifuata, wanawake wakasema huyu lazima ni dada yake, wakamwita Wifi. Mgodi ulipofungwa wageni walikwenda zao. Hao wawili wakabaki, maana nani angewabeba?

Na hawakuwa wa chuma hiki cha sufuria. Walikuwa wa chuma hai. Ukikikwaruza jioni, asubuhi unakuta kovu limefunga, jembamba kama uzi. Ukimwekea mtambo mchanga mweusi wa chuma na mkaa uliosagwa, anaumeza taratibu ubavuni na kujiziba alipochubuka. Tena walisema. Si maneno mengi, wala si ya mapambo. Mtambo hujibu ulichomuuliza, basi. Lakini liko jeraha ambalo hata chuma hai hakilizibi, na ndilo lililotufika mwaka ule mlima ulipoukalia mto.

*

Mlima wa Ng'ongo ulilegea kwa mvua, ukateremka mzima mzima mpaka katikati ya Mto Lwika. Maji yakakosa njia. Nyuma ya ule udongo likaanza kuota ziwa, na mbele ya udongo, chini bondeni, ndiko tulikokuwa sisi: nyumba, shule, zahanati, mashamba ya viazi, makaburi ya wazee wetu.

Ziwa lile lilikuwa zuri, na huo ndio ubaya wake. Kila asubuhi ukungu ukiinuka unaliona limepanda, limetulia, mawingu yamo ndani yake, na ncha za miti iliyozama zimechomoza kama vidole vya watu wanaoomba nafasi ya kusema. Unasimama kulitazama mpaka unasahau kwamba linakuja kukuua.

Shemeji alikuwa akikata mfereji pembeni ili maji yatoke kidogo kidogo. Aliyemwendesha, na aliyemtibu, ni fundi Osmund Haule, mtu mrefu, mchache wa maneno, aliyenuka grisi hata siku ya Pasaka. Usidhani mtambo wenyewe ulikuwa mzima. Tangu meli za vipuri zikome kuja, na kiwanda chenyewe kisikike kimefungwa huko ng'ambo, Osmund alikuwa akimshona Shemeji kama nguo ya maskini. Sili za haidroliki, zile za kuzuia mafuta yasivuje, alizikata kwenye ngozi ya mbuzi, akaziloweka katika mafuta ya alizeti. Chujio la hewa lilikuwa kanga ya mkewe, na watu walimtania kwamba Shemeji anapumua kwa methali. Meno ya ndoo aliyang'oa kwenye mitambo iliyokufa kule bondeni, mahali tulipopaita makaburini, mpaka makaburini pakabaki mifupa mitupu.

Siku hiyo tulikuwa tumewapelekea wachimbaji viazi vya kuchemsha. Tukasikia mlio. Haukuwa mkubwa, kama mtu anayevunjia muwa gotini. Mkono wa Shemeji ukasimama hewani, udongo ungali ndani ya ndoo.

"Shemeji, una nini?" Osmund akauliza.

Mlango wa kibanda cha dereva ulikuwa wazi, sote tukasikia jibu: "Pete imekatika. Sigeuki."

Kijiko kina sehemu mbili, mjukuu wangu. Chini miguu, juu nyumba yenye mkono. Kati yake, kiunoni, iko pete kubwa yenye meno, pana kuliko sakafu ya jiko langu, na juu ya hiyo ndipo nyumba huzunguka. Bila pete, kijiko huchota udongo kikakosa pa kuumwaga.

"Utajiziba?" Osmund akauliza, ingawa alijua.

"Ufa naziba. Pete iliyokatika siwezi."

Osmund akateremka, akaketi juu ya mnyororo, akala kiazi kimoja bila kukimenya. Alipomaliza akainua macho kuelekea kilele cha mlima wa pili, ulikokuwa mgodi wa zamani. Wifi alikuwa huko, amesimama peke yake miaka yote hiyo.

Kando yangu alikuwapo Gaudensia Mlelwa, aliyemwendesha Wifi enzi za mgodi, na ambaye hata baada ya mgodi alikuwa akipanda mara kwa mara kumfuta vioo. Aliyafuata macho ya Osmund yalikokwenda.

"Usimtazame wifi yangu kwa macho hayo," akasema.

"Macho gani, dada?"

"Hayo ya mchinjaji."

*

Tulipanda asubuhi iliyofuata, Osmund na mtungi wake wa gesi ya kukatia vyuma begani, Gaudensia na spana, na nyuma yetu Mzee Ladislaus Mtitu na watu wengine waliosema wanakuja kusaidia lakini walikuja kutazama. Gaudensia hakuwa amepanda tangu mvua zianze. Njia ilikuwa imekatika; siku hiyo tulijikatia nyingine.

Kwanza tulishangaa nyasi. Kileleni kote zilikuwa zimeungua kwa baridi, lakini kumzunguka Wifi zilikuwa kijani, ndefu, na ukungu ulikuwa umeachana naye kama unavyoachana na moshi wa jiko. Ardhi ilikuwa vuguvugu. Mzee Ladislaus alivua kiatu kuhakikisha.

"Wifi, hujambo?" akasema Gaudensia.

"Sijambo. Kioo cha kushoto kina matope."

Osmund akaingia uvunguni na tochi. Tukasubiri.

"Fundi, umelala huko?" Mzee Ladislaus akaita.

"Njooni muone." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Polepole. Msipige kelele."

Tuliinama mmoja mmoja. Mimi niliingia nikiwa natafuna muhogo, nikasahau kutafuna. Kutoka upande wa ndani wa ile pete kubwa, kitu kilikuwa kinaning'inia, kama kinavyoning'inia kitumba cha mgomba. Kilikuwa na ukubwa wa mbuzi. Kilifunikwa na ngozi ya chuma nyembamba, laini, yenye kung'aa kama maziwa yaliyoganda juu, na ndani yake ulionekana mkono mmoja mdogo umekunjwa kifuani, na mwisho wa mkono ndoo ndogo iliyofumbwa kama ngumi. Miguu ya minyororo ilikuwa myembamba, bado haijakomaa. Tulipokuwa tukitazama, ile ngumi ikafumbuka, ikafumba tena.

Mzee Ladislaus akavua kofia. Mtu mmoja nyuma yangu alianza Salamu Maria, akaishia katikati.

"Wifi," Gaudensia akanong'ona, "huyu ni wa nani?"

"Ni wangu."

Osmund alikuwa amelala chali, tochi kifuani. "Haiwezekani," akasema. "Kiwandani waliwafunga wasizae. Waliogopa watu wataacha kununua. Kila mtambo una kufuli ndani."

"Kufuli ilikuwa ya chuma cha kawaida," akasema Wifi. "Imeliwa na kutu."

Osmund alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. "Walibana matumizi!" akasema. "Mtambo wa chuma hai, halafu kufuli wakaweka ya kutu!" Kisha kicheko kikamwisha ghafla, maana sote tulikuwa tumeshaona pale kitumba kilipoungana na mama yake. Kilikuwa kimeota kwenye pete.

Alipotoka uvunguni alituchorea chini kwa kijiti. Mdogo hunyonya joto la mama kupitia kwenye pete. Pete ikitoka, atapoa, na chuma hai kichanga kikipoa hakiamki. Kisha akatuonyesha nati zilizoizunguka pete. Chuma hai hushika nati zake kama unavyoshika fimbo. Hakuna spana ya kuzifungua mwenyewe asipolegeza. Njia nyingine ni gesi. Gesi ingekata nati zote kabla ya chakula cha mchana, lakini moto wake ungetembea ndani ya pete mpaka kwa yule aliyening'inia.

"Na akiachwa atimie?" nikauliza.

"Mvua mbili, labda," akasema Osmund. "Na akitimia..." Hakumaliza. Hakuhitaji. Tulikuwa tumekata ngozi za mbuzi na kanga ya mke wa fundi, tumechimbua makaburi ya mitambo, na kumbe huku juu kulikuwa na mtambo unaozaa.

Chini, ziwa lilikuwa limeshafika kwenye jiwe jeupe ambalo jana tulilitumia kama kiti.

*

"Niwashe gesi nimalize," akasema Osmund. "Dhambi iwe yangu."

"Mwenye mimba hachukuliwi kitu bila kuombwa," akasema Gaudensia.

"Huyu ni mtambo, dada."

"Ulimwita mtambo jana. Leo umemwona. Mwite tena mtambo nikusikie."

Osmund hakumwita.

"Kuombwa kuna utaratibu wake," akaingilia Mzee Ladislaus, na macho yake yalikuwa yameanza kumeremeta. Mzee yule alikuwa ameshaozesha nusu ya Lihutu. Hakuna mshenga kama yeye; aliweza kuomba mke kwa watu wenye ugomvi wa shamba na akarudi na mke pamoja na shamba. Akateremka kijijini, akarudi amevaa koti, mkono mmoja kibuyu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mkono mwingine jembe la kizamani, lile lililofuliwa na wazee wetu walipokuwa bado wakiyeyusha chuma katika matanuri ya udongo. Kwetu sisi Wapangwa, zamani mahari ya mke ilikuwa jembe. Akasimama mbele ya vioo vya Wifi, akakohoa.

"Hodi hapa."

"Mlango uko wazi."

"Sisi ni wapita njia. Tumepotelewa na mbuzi wetu, na nyayo zimeishia hapa kwenu."

"Hakuna mbuzi hapa," akasema Wifi. Akafikiri. "Amepita digidigi. Ameelekea mashariki."

Watu wakaanza kuziba midomo. Mzee Ladislaus akajiweka sawa.

"Ahsante kwa digidigi. Sasa, mama, sisi kwetu ni baridi, na tumeona kwenu moto unawaka. Tumekuja kuomba kaa moja tu la moto."

"Moto hauruhusiwi karibu na tangi la mafuta. Rudini nyuma."

Alisema kwa sauti kali, nasi tukarudi nyuma kweli. Mzee akajifuta jasho. Akalinyanyua jembe kwa mikono miwili.

"Mama, hatukuja mikono mitupu."

"Mpini umelegea," akasema Wifi. "Ukilimia hilo litakuumiza."

Hapo hata Osmund akageuka kucheka.

"Mzee Ladi, utaozesha jiwe kabla ya huyu," mwanamke mmoja akamwambia.

"Huyu binti amelelewa wapi?" akafoka mzee.

"Kiwandani!" tukamjibu wote.

Tulicheka, lakini ndilo kosa letu sisi watu wa mlimani. Jambo zito hatulisemi. Tunalizunguka kama kuku anavyozunguka nyoka, tukisubiri mwenzetu alitaje kwanza. Na tuliyekuwa tunamzunguka ni yule asiyejibu ila alichoulizwa. Tungeweza kukaa pale mpaka ulanzi uchachuke.

Kengele ya kanisa ikalia huko chini. Ilikuwa ishara tuliyoagana: maji yameanza kupenya kwenye udongo.

Kicheko kikafa. Osmund akainama, akashika mpira wa gesi. Gaudensia akampita, akaenda kuketi kwenye ngazi ya kibanda cha Wifi, pale alipokuwa akiketi zamani kula chakula cha mchana.

"Wifi, nisikilize. Mlima umeanguka, umeziba mto. Nyuma yake kuna ziwa, na ziwa linakaribia kuvunja. Shemeji alikuwa akikata mfereji, pete yake imekatika. Tunaitaka pete yako. Tukiichukua, mwanao anaweza kupoa. Ukiikatalia, sisi wote tulio chini tutabebwa na maji. Fundi ana gesi, anaweza kukukata bila ridhaa yako, nami sitaki. Ndiyo nakuuliza. Utatupa?"

Kulikuwa na mvumo mdogo uliokuwa ukitoka mwilini mwa Wifi tangu tufike, kama paka anapolala. Ulinyamaza. Ndipo tulipojua ulikuwapo.

"Chini kuna watu gani?" akauliza.

"Wote unaowajua. Na watoto wao, usiowajua."

Upepo ukapita kwenye zile nyasi za kijani.

"Mdogo akiwekwa kwenye moto wa mkaa usiozimika, akapewa mchanga mweusi, hatapoa," akasema Wifi. "Usizimike hata mara moja."

"Tutauchochea," akasema Gaudensia. "Wazee wetu walichochea matanuri. Tunajua."

"Nimesikia. Nina swali. Namuuliza mwenye moto."

Jicho la kioo lililo juu ya kibanda likageuka, likamtazama Osmund, na mpira wa gesi mkononi mwake.

"Akikua, mkamwambia fanya kazi, akasema hapana. Mtamfanyaje?"

"Ah, mama, hapo hakuna neno!" akadakia Mzee Ladislaus. "Tutamheshimu kama..."

"Sikukuuliza wewe."

Ningependa nikuambie Osmund alijibu vizuri. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kusema jambo asilokuwa nalo, na alijua kilichopo duniani: kila mji ulikuwa na mtambo wake unaokufa, kila fundi alikuwa na mkasi na ngozi ya mbuzi. Wangemsikia huyu mdogo mmoja, wangekuja. Wengine kwa maombi, wengine kwa misumeno. Na yeye mwenyewe alikuwa amewasha mitambo maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kutotaka.

"Sijui," akasema.

"Sijui si jibu."

"Nikikudanganya, utafungua?"

"Nitafungua hata hivyo," akasema Wifi. "Maji hayangoji. Jibu utaniletea."

Na mjukuu wangu, hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu. Kuzunguka kiuno chake chote, nati zikaanza kugeuka zenyewe. Hakuna mkono uliozigusa. Zilizunguka taratibu, kwa pamoja, kwa sauti kama mvua ya mbali, zikajitoa kwenye bolti zake, zikaanguka nyasini moja moja, na kila iliyoanguka ilikuwa ya moto na ilitoa mvuke. Gaudensia aliweka kiganja ubavuni mwa Wifi na hakukiondoa mpaka ya mwisho ilipoanguka.

*

Kijiji kizima kilipanda. Tuliinua nyumba ya Wifi kwa winchi za mgodi, tukamtoa mdogo kwanza, amefungwa mablanketi na makaa kwenye karai, wanawake wanamzunguka kama wanaouguza mgonjwa. Tanuri tulilijenga palepale kando ya mama yake, la udongo, la duara, kama bibi zetu walivyotusimulia. Zamani tanuri lililoiva waliliita mwari, na mtu mwenye kinyongo hakuruhusiwa kulikaribia. Sisi tulichukua wenye vinyongo pia, maana mikono ilihitajika. Watu wawili waliokuwa hawasemezani tangu zamani walivuta mvukuto mmoja pamoja, wakalazimika kusemezana.

Pete ikateremshwa ikiwa imesimama, inaviringika kama gurudumu la gari la malaika, kamba huku na kamba kule, nusu ya kijiji inavuta na nusu inazuia. Ilipowekwa kiunoni mwa Shemeji, Osmund hakupata kazi ya kukaza. Chuma kilikitambua chuma. Meno yaliingia kwenye meno kama vidole vya ndugu wawili wanaosalimiana, na nati zikajikaza zenyewe.

"Ni ya nani?" Shemeji akauliza.

"Ya Wifi," akasema Osmund.

Shemeji akageuka, akamwaga ule udongo uliokuwa ndani ya ndoo tangu siku ile, akachimba. Alichimba bila kupumzika mpaka ukuta wa mwisho wa mfereji ulipobaki mwembamba kama chapati, akaubomoa, akarudi nyuma. Maji yakatoka kama uzi. Uzi ukawa kamba. Kamba ikawa mto. Yalipita pembeni mwetu, ya kahawia, marefu, yakivuma, na hayakugusa hata choo cha shule. Tulisimama tukilitazama ziwa likishuka na kuirudisha miti yetu mmoja mmoja, imevaa matope, na hakuna aliyepiga kigelegele. Kilikuwa kitu kikubwa mno.

*

Moto wa tanuri haukuzimika. Tulivuta mvukuto kwa zamu, kiangazi na masika, na kila aliyefika zamu yake aliulizwa na Wifi swali lilelile: "Ana joto?" Nasi tulijibu, "Ana joto."

Alipotoka alikuwa mrefu kama ndama. Mtoto wa wifi ni mpwa, basi tulimwita Mpwa. Hakusema. Alikuwa akitembea kwa minyororo yake midogo, akisimama mbele ya kila kitu. Alimtazama kuku akitaga. Alitazama tone la umande kwenye jani la boga mpaka jua likalikausha, kisha akalitazama jani. Watoto walimpanda mgongoni, akawatazama nao.

Siku moja akaja mgeni kutoka mji wa Lugala, Bwana Kastori Mwinuka wa bohari ya vipuri. Alikuwa mpole, amekonda, viatu vimejaa tope. Alitukuta sote kileleni tukigawana mkaa. Alikataa chakula mpaka aseme.

"Pampu ya maji ya mji wetu imekatika pete," akasema. "Pete ndogo. Kama ya huyu wenu. Sikuja kumkata, ndugu zangu. Aje tu Lugala aizungushe pampu yeye mwenyewe. Kazi nyepesi. Lakini asipokuja sijui nifanye nini. Watu wanakunywa maji ya mtaroni. Wiki iliyopita nimemzika mtoto wa dada yangu, kwa kuhara."

Tukampa pole. Osmund akachuchumaa mbele ya Mpwa, wakawa macho kwa kioo.

"Mpwa, kuna kazi Lugala. Watu wana kiu. Utakwenda?"

Mpwa alimtazama muda mrefu.

"Hapana," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza duniani. Wanawake wakashika midomo. Kando yetu, mvumo wa Wifi ulinyamaza.

"Mtambo husema hapana?" akauliza Bwana Kastori. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu, kama sisi.

"Kwa nini, mwanangu?" akauliza Osmund.

"Bado natazama."

"Unatazama nini?"

Mpwa akainua mkono wake mmoja, akaupitisha polepole hewani, juu ya bonde, moshi wa majiko, mto, milima nyuma ya milima, na sisi.

"Vyote," akasema.

Nilimwona Gaudensia akilia bila kujifuta. Nikamwona Bwana Kastori naye akigeuka kutazama kule mkono ulikopita, akatazama, kisha akakumbuka nyumbani kwake.

"Fundi," akasema, "mimi sina chuki naye. Lakini kwetu wanakufa. Na mwenye gesi ni wewe."

Osmund akainuka. Akaenda ulipokuwa mtungi wake, akaubeba begani. Gaudensia alisogea akasimama mbele ya Mpwa, na Mzee Ladislaus naye, na jembe lake. Lakini Osmund aliwapita. Aliupeleka mtungi kwenye mkokoteni wa Bwana Kastori, akaulaza. Akarudi akachukua nyundo, koleo, mvukuto mdogo, na gunia la chuma cha kawaida, mabaki ya makaburini.

"Nitafua pete huko kwenu," akamwambia mgeni. "Chuma hiki si hai. Kitadumu msimu mmoja, kitakatika, nitafua nyingine. Mpaka iwe tayari, pampu tutaizungusha kwa mikono. Tafuta watu wa zamu, na wa kwanza niandike mimi."

"Utakaa mpaka lini?"

"Chuma cha kawaida hakiachi kukatika, bwana."

Mke wa Osmund, ambaye kanga yake ilikuwa imekwisha kwenye chujio, alisema, "Basi ngoja nikafunge mizigo, maana peke yako utakula grisi," akaanza kuteremka.

Osmund akaenda akasimama mbele ya vioo vya Wifi. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Uliniuliza akisema hapana tutamfanyaje," akasema. "Tutamwacha atazame. Kazi yake nakwenda kuifanya mimi."